Muulize anayepanga ratiba

Chuo kikiniita nikaangalie hali ya ujumuishi, yaani kama kila mwanafunzi ana nafasi ya kusoma bila kuachwa nje, karibu kila mara wenyeji wangu huanza kwa kunitembeza hadi kwenye njia ya mteremko. Ipo mbele ya jengo la utawala, ina vyuma vya kushikia, na mara nyingine harufu ya rangi bado haijaisha. Naisifia kwa dhati, maana mwenye kiti mwendo hawezi kupaa. Kisha naomba kitu ambacho hakuna aliyejiandaa kunionyesha: ratiba ya vipindi na ratiba ya mitihani.

Mimi ni mtu wa elimu maalumu, na shughuli zangu nyingi ziko hapa Tanga mjini. Darasa moja la chuo hapa linaweza kuwa na Mdigo wa Mkinga, Msambaa wa Lushoto, Mha aliyeshuka kutoka Kigoma, mama anayenyonyesha, na kijana asiyeona ambaye amefaulu kidato cha sita kuwashinda wengi waliokaa naye. Wote wanasubiri bumu lilelile, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi. Hakuna anayewafukuza. Lakini ukikaa na ratiba mezani, unaweza kutaja kabla muhula haujaanza nani atapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Chukua Ijumaa. Hotuba msikitini inaanza saa sita na nusu hivi, na testi imepangwa saa saba kamili kwa sababu ukumbi mkubwa uko wazi saa hiyo. (Uko wazi kwa nini? Kwa sababu wenye akili wameuacha.) Kijana atachagua kukosa sala, au atatoka Ngamiani na bodaboda akihema na kufika maswali yameshagawiwa. Ukiihamishia testi hiyo Jumamosi asubuhi unawagusa Wasabato, ambao sabato yao huanza jua likizama Ijumaa na kwisha jua likizama Jumamosi. Mwezi wa Ramadhani, darasa la jioni linalovuka magharibi linamkuta mfungaji na tende mkononi. Na Idd haipangiki kwa kalenda ya ukutani, inangoja mwezi uandame, kwa hiyo dawa ni kuacha siku mbili tatu bila mtihani badala ya kubahatisha moja. Hayo yote yanajulikana miezi kabla. Ni suala la mtu mmoja mwenye kompyuta kuambiwa mapema.

Muda wa ziada ndio unaonisumbua kuliko yote. Baraza la Mitihani la Tanzania limezoea kuwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwanafunzi anafika chuoni akiwa amezoea utaratibu huo, na vyuo vingi vinaukubali kwa maneno. Sasa tazama ukumbini. Pepa ya muda wa saa tatu inaanza saa tatu asubuhi, inaisha saa sita; mwenye uoni hafifu ana haki ya kuendelea hadi saa sita na nusu. Ratiba imeweka pepa nyingine humohumo saa sita na robo. Saa sita na dakika tano wenzake wanakokota viti, wa pepa inayofuata wanachungulia dirishani, msimamizi amesimama kichwani pake akiangalia saa. Nusu saa yake ipo kwenye karatasi tu. Chumba kidogo cha pembeni na msimamizi mmoja vingemaliza kesi, lakini lazima viandikwe kwenye ratiba. Visipoandikwa, siku hiyo havipatikani.

Kuna utengaji mwingine usio na ubaya wowote moyoni, nao unapitia kwenye simu. Mwakilishi wa darasa anapiga picha tangazo lililobandikwa ubaoni, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp, kazi imeisha. Asiyeona anatumia TalkBack, programu iliyomo kwenye simu nyingi za Android, inayomsomea kila kilichoandikwa. Inapofika kwenye ile picha, mara nyingi haina cha kusoma. "Mwalimu, simu imesema 'picha' basi," ndivyo mmoja alivyonieleza kwa nini alikwenda ukumbi ambao testi ilishahamishwa. Notisi za masomo nazo ni hivyohivyo: mhadhiri anapiga picha kurasa za kitabu, anaziunganisha kuwa PDF, anatuma. Kwa macho yetu ni maandishi, kwa kompyuta ni picha ya maandishi. Jaribu hivi: gusa neno moja ujaribu kulichagua. Likikataa kuchaguliwa peke yake, jua kuna mtu hapo ameachwa nje.

Tiba yake haina gharama. Chini ya picha ya tangazo andika mistari miwili yenye siku, saa na ukumbi. Notisi tuma faili lile ulilolichapa mwenyewe. Kwa kompyuta ipo NVDA, programu ya bure ya kumsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh. Ina hata sauti ya Kiswahili. Ni kavu kama ya roboti, lakini wanaoitumia huizoea na huiongezea kasi hadi sisi wengine hatuambulii neno. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, bado ina kazi yake, hasa kwenye hesabu, ila usisubiri kuchapisha kitabu kizima ndipo useme umeanza.

Darasani kuna mazoea machache tu ya kubadili. Mhadhiri akisema "hii ukiijumlisha na ile" huku amegeukia ubao, aseme hii ni ipi na ile ni ipi. Mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha la mwanga mkali, na aruhusiwe kupiga picha ubao.

Kuhusu utani wa lafudhi nitasema kidogo. Watu wa pwani tunapenda kumcheka wa bara kwa Kiswahili chake na kukiita kicheko hicho utani. Utani una wenyewe na una mipaka yake. Mtu aliyefika juzi, hana mtani hapa, na amenyamaza semina nzima, huyo hajataniwa.

Kila nikisema haya kuna mhadhiri atakayeuliza kama huu si upendeleo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, kwa hiyo mjadala wa kama wana haki umeshafungwa. Swali la kitaalamu ni kama mtihani wako unapima hesabu au unapima macho. Ukijibu hilo, la upendeleo linajijibu.

Kinachochelewesha mambo ni fomu ya usajili. Mkalimani wa lugha ya alama hapatikani kwa kupigiwa simu asubuhi. Kwa kipindi kirefu wanahitajika wawili wapokezane, na waliopo ni wachache. Chuo kinachogundua katikati ya muhula kwamba kina mwanafunzi kiziwi kimeshampotezea masomo. Basi fomu iulize mapema, kwa lugha ya heshima: unahitaji nini ili usome? Na majibu yapelekwe kwa yule mwenye ratiba kabla hajaibandika, mshauri wa wanafunzi apewe nakala.