Cheti cha Ndoa si Kibali cha Kukaa: Kwa Wakenya Waliooa au Kuolewa na Wageni

Walifika kaunta yangu ya uhamiaji mume na mke, mume Mkenya wa Msambweni, mke Mtanzania wa Tanga. Mume akasukuma cheti cha ndoa cha Kadhi chini ya kioo, kimepigwa laminesheni kinang'aa, kisha akakunja mikono. "Afande, huyu ni mke wangu wa halali. Cheti hicho hapo." Nikafungua pasipoti ya mke. Mhuri wa mpaka wa Lunga Lunga ulimpa miezi sita, na miezi hiyo ilikwisha zamani. Nikamuuliza bwana kwa nini hawakuja mapema. Akashangaa kweli kweli: "Nije kufanya nini na nishaoa?"

Swali hilo nalisikia karibu kila wiki, na malalamiko yanayoletwa kwetu mengi yana mzizi huo mmoja. Cheti cha ndoa kinathibitisha ndoa, basi. Hakisemi mgeni akae Kenya siku ngapi. Ndoa humpa mgeni nafasi ya kuomba ruhusa, na ruhusa yenyewe hutoka kwingine.

Sheria tunayoitumia ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, pamoja na kanuni zake za 2012. Juu yake ipo Katiba ya 2010. Humo mwenzi wa kigeni ana hatua tatu, na tatizo la watu wengi ni kuruka ya kwanza wakiikimbilia ya tatu.

Ya kwanza ni pasi ya mtegemezi. Anayeiomba hasa ni Mkenya, kwa sababu yeye ndiye mdhamini. Anaandika barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Uhamiaji akieleza kwamba fulani ni mkewe au mumewe na anaomba aruhusiwe kuishi naye. Barua iwe na tarehe na sahihi. Nasema hivi kwa sababu barua zisizo na sahihi ni nyingi kuliko mnavyodhani. Inaambatana na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mdhamini, nakala ya pasipoti ya mwenzi pamoja na ukurasa wenye mhuri wa kuingia nchini, nakala ya cheti cha ndoa na picha mbili za rangi za saizi ya pasipoti. Kama cheti kimeandikwa kwa Kijerumani, Kiarabu au lugha nyingine isiyo Kiingereza, kiende na tafsiri iliyothibitishwa. Tafsiri aliyoifanya shemeji mtu kwa nia njema haihesabiki. Maombi yanafanywa mtandaoni, na kila stakabadhi inapakiwa mahali pake. Usipakie cheti cha ndoa penye nafasi ya pasipoti ukitumaini afisa ataelewa. Afisa ataelewa, na ombi litarudishwa vilevile.

Pasi hiyo inamruhusu mtu kuishi. Haimruhusu kufanya kazi ya mshahara wala kuendesha biashara. Akitaka kuajiriwa, mwajiri amwombee kibali cha kazi cha daraja D. Akitaka biashara yake mwenyewe, lipo daraja G. "Lakini ni duka la mume wangu" si jibu. Nimelisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu waliokuwa wamesimama nyuma ya kaunta ya duka wakipokea pesa.

Mgeni akikaa nchini zaidi ya siku 90 ajiandikishe pia kama mgeni mkaazi na kupata kitambulisho chake. Hilo liko kifungu cha 56, na ni jambo tofauti na pasi.

Hatua ya pili ni ukaazi wa kudumu. Kifungu cha 37 kinawataja wenzi wa raia wa Kenya waliooana kwa angalau miaka mitatu. Ukishaupata huu, mbio za kuhuisha pasi kila mara zinakwisha, na kwa familia yenye watoto shuleni hilo si jambo dogo. Ajabu ni kwamba wanaouomba ni wachache. Wengi hata hawajui kama upo. Wameambiwa na broka kwamba ni uraia au hakuna.

Ya tatu ni uraia wenyewe. Ibara ya 15 ya Katiba inasema aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki, akiomba, ya kusajiliwa kuwa raia. Akiomba. Neno hilo watu hulipita kama mbao za tangazo barabarani. Mwaka wa saba ukitimia hakuna barua itakayokujia nyumbani. Na kifungu cha 11 cha Sheria kina masharti yake: ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambulika Kenya, hata kama ilifungwa nje ya nchi, mwombaji asiwe mhamiaji aliyepigwa marufuku, wala asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, ndoa iwe bado hai siku ya maombi, isiwe ilifungwa kwa ajili ya kupata manufaa ya uhamiaji, na mume na mke wawe wanaishi pamoja. Hili la mwisho ndilo huwakwaza wale ambao mmoja yuko Mombasa na mwenzake Hamburg, wakikutana Desemba. Sisemi watanyimwa, kwa kuwa kila ombi huamuliwa kwa ushahidi wake. Nasema wajiandae kueleza.

Bado wapo wanaoamini kwamba haki hizi ni za mke wa kigeni tu. Hiyo ilikuwa Katiba ya zamani. Tangu Agosti 2010, Mkenya mwanamke aliyeolewa na mgeni anamdhamini mumewe sawasawa na vile Mkenya mwanamume anavyomdhamini mkewe, na mtoto wao ni Mkenya kwa kuzaliwa. Akina mama wanaorudishwa nyumbani na wakwe kwa kisingizio cha sheria iliyokufa, njooni.

Kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki: ndiyo, Mtanzania, Mganda, Mrundi au Mnyarwanda anaingia bila viza na anaweza kupewa miezi sita. Hiyo ni miezi ya kutembea. Haigeuki kuwa ya kudumu kwa sababu mtu ameolewa Kwale au Busia, na kuvuka mpaka asubuhi kupata mhuri mpya jioni, mwaka baada ya mwaka, si ukaazi. Maafisa wa mpakani wana macho na wana kompyuta.

Nyinyi mnaopanga harusi sasa, anzeni na cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinapaswa kusajiliwa. Ya kiserikali huhitaji notisi ya siku zisizopungua 21, kwa hiyo mgeni anayetua Jumatatu akitaka kuoa Ijumaa ahesabu upya siku zake. Nikaha ya nyumbani iliyoshuhudiwa na mtaa mzima ni ndoa mbele ya Mungu na majirani. Kwenye meza yangu, bila cheti, sina pa kuiweka.

Adhabu sasa. Kuwapo nchini kinyume cha sheria ni kosa chini ya kifungu cha 53: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mtu anaweza pia kuondolewa nchini. Na uraia uliopatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo la msingi, unaweza kufutwa chini ya Ibara ya 17, hata kama mtu ameshaapa na ana pasipoti ya Kenya mfukoni. Wanaouza ndoa za karatasi hawawaelezi wateja wao kipande hicho.

Mwenzi Mkenya akifariki kabla ya miaka saba, mjane au mgane hajapoteza kila kitu. Kifungu cha 12 kinamruhusu kuomba uraia pale ambapo angestahili lau si kifo. Aje na cheti cha kifo pamoja na cha ndoa, na aje mapema, kwa maana pasi ya mtegemezi ilisimama juu ya mdhamini ambaye hayupo tena.

Yule bibi wa Tanga ilibidi kwanza arekebishe kukaa kwake kupita muda, ndipo ombi la pasi lipokelewe. Kuhusu cheti, nilimweleza bwana kwamba muhuri ulio chini ya plastiki siwezi kuuhakiki. Akakigeuza-geuza, akajaribu kukichana pembeni kwa ukucha, nikamzuia. Alirudi baada ya siku chache na nakala mpya kutoka kwa Kadhi, ndani ya bahasha ya kaki. Barua ya udhamini ilikuwamo pia, haina sahihi. Nikampa kalamu.