Mvua za Dar: tunayoambiana na yaliyo kweli

Bonde la Jangwani likifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husitishwa, na jiji hukatika vipande viwili. Wa Kariakoo hubaki Kariakoo, wa Magomeni hubaki Magomeni. Hapo ndipo mazungumzo hunoga, kituoni, kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimeyasikiliza kwa miaka mingi, na kinachoniuma ni kwamba karibu kila kauli humwondolea mtu fulani wajibu wake. Msimu ujao maji yanarudi palepale.

“Ni takataka tu. Tabianchi ni maneno ya semina.”

Takataka zipo. Mitaro imejaa chupa na vifungashio, hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019. Lakini hebu tuufuate Mto Msimbazi tangu unakotoka, milima ya Pugu upande wa Kisarawe. Unashuka katikati ya jiji lililokuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Kila kiwanja kinachosakafiwa ni ardhi isiyonywa tena maji. Kila ukingo uliochimbwa mchanga wa ujenzi ni udongo utakaokwenda kujaza mto huko chini. Yote hayo yanamalizikia kwenye bonde la Jangwani, kabla ya maji kupita Daraja la Salander kuingia baharini.

Sasa weka mvua juu yake. Joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo. Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha hapa Dar, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kuwa mvua kubwa namna ile haikuwa imeonekana jijini tangu 1954. Mtaro uliochimbwa kwa mvua za zamani hauwezi kupitisha maji hayo hata ukifagiwa kila asubuhi. Kwa hiyo anayesema takataka na anayesema tabianchi wote wana haki. Kosa ni lile neno “tu”.

“Tabaka la ozoni limetoboka, ndiyo maana jua ni kali.”

Hii nimeisikia hadi kwa walimu, na inaelekea wengi tuliipata darasani. Ozoni hutukinga na miale ya urujuanimno. Tundu lake kubwa huonekana juu ya Antaktika, na tangu Mkataba wa Montreal wa 1987 uzuie gesi zilizolisababisha, kama zile za mafriji ya zamani, tabaka linapona taratibu. Joto linaloongezeka lina chanzo kingine: kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kabla ya enzi ya viwanda, kaboni dayoksaidi ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Ni sawa na kuongezewa blanketi usiku wa Februari. Aliyeshika habari ya tundu ataihofia friji yake kuukuu, asiuone moshi wa mitambo na magari.

“Juzi walisema ukame, leo mafuriko. Hawajui wanachosema.”

Vuli ya 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi tukawekewa mgao wa maji, madumu yakapanga foleni mitaani. Vuli ya 2023 ikaja El Nino, ile hali ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida ambayo mara nyingi hutuletea mvua nyingi. Hakuna mgongano hapo. Dunia yenye joto hukausha ardhi haraka zaidi, na hunyesha kwa nguvu zaidi inaponyesha. El Nino yenyewe ni ya asili na wengi tunaikumbuka ya 1997 na 1998, ila sasa inakuja juu ya bahari ambayo tayari ina joto kuliko zamani. Kufikia Aprili 2024, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa watu 155 nchini wamekufa kwa mvua za msimu ule.

“Walitutisha na kimbunga, hakikuja.”

Aprili 2021 tulikisubiri Kimbunga Jobo. Kikapoteza nguvu kabla ya kutufikia, na vichekesho vikasambaa wiki nzima. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikapiga karibu na Mafia. Nyumba ziliharibika, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini, magari ya Lindi na Mtwara yakakwama. Tukio la namna hii si la kwanza pwani yetu, maana Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Utabiri hueleza uwezekano. Mvuvi anayevuta ngalawa yake nchi kavu kisha upepo usije, amepoteza siku moja ya kazi. Ukimcheka, unamfundisha asiivute safari ijayo, na hilo naliona hatari kuliko utabiri wenyewe kukosea.

“Tatizo ni mkaa wa mama ntilie.”

Mkaa unamaliza misitu na unaumiza mapafu ya anayeupikia. Hiyo ni sababu tosha ya kumsaidia apate gesi kwa bei anayoimudu. Lakini Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya kaboni dayoksaidi inayotoka duniani kwa nishati na viwanda. Kumbebesha mama wa Tandale joto la dunia ni dhuluma. Wapo pia wanaochukua takwimu hiyohiyo wakasema basi hayatuhusu, na hao nao wanakosea, kwa sababu bahari haimuulizi mtu alichoma nini kabla ya kula ufukwe wake.

“Watu wa mabondeni ni wabishi.”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, labda kwa sababu shangazi yangu anaishi Mchikichini. Baada ya mafuriko ya 2011 familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali kule kaskazini mwa jiji. Mwishoni mwa 2015 nyumba bondeni zikapigwa alama nyekundu ya X na nyingine zikabomolewa. Wapo waliorudi. Wanaowaita wabishi hawaulizi nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo ni kiasi gani kwa mtu anayeuza vitumbua, wala chumba cha bei ile kinapatikana wapi pengine.

Na si kwamba hawajui. Shangazi anayajua maji kuliko sisi wa ghorofani. Ukutani kwake kuna mistari miwili ya matope iliyogoma kufutika, na friji lake linakaa juu ya matofali manne. Anajua mvua ikikolea kuna nyumba zitatapisha vyoo, na kwamba baada ya hapo kipindupindu hakiko mbali, kwa hiyo huanza kuchemsha maji ya kunywa mapema. Vyeti vya wanawe viko ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, juu kabisa ya kabati.

Masika inapokaribia na utabiri wa msimu ukitoka, hunipigia simu. Swali lake huwa moja: “Wamesema juu ya wastani, au wastani?”