“Mbona kwangu haiko hivyo?” Dhana potofu kuhusu mwonekano wa tovuti

Tovuti imekamilika, kiungo kimetumwa, na muda si mrefu inarudi picha ya skrini yenye ujumbe: “Mbona kwangu haiko kama ulivyonionyesha?” Wateja wengi wanaamini tovuti ni kama kipeperushi: kikishapigwa chapa, kila anayekishika anaona kitu kilekile. Imani hiyo inakula siku za kazi, na fedha zinazopotea ni za mteja mwenyewe.

“Tovuti iliyotengenezwa vizuri inafanana kila mahali”

Haifanani, wala haikukusudiwa ifanane. Kinachotumwa kwa msomaji ni maelekezo ya HTML na CSS, yaani lugha za kueleza yaliyomo na mwonekano wa ukurasa. Kivinjari chake ndicho kinachochora ukurasa, palepale kwenye kifaa chake. Kila kivinjari kina injini, yaani sehemu ya ndani inayofanya uchoraji huo. Kwenye kompyuta na Android, Chrome na Edge hutumia injini ya Blink, Safari WebKit, Firefox Gecko. Ni mafundi watatu waliopewa ramani moja. Siku hizi wanaelewana kuliko enzi za Internet Explorer, ambayo Microsoft iliisitisha Juni 2022, lakini kuna vitu ambavyo kila mmoja huvileta kwa namna yake: kalenda ya kuchagua tarehe, orodha ya kuchagua mkoa, upau wa kusogezea ukurasa, hata unene wa herufi.

Chukua kichwa cha habari chenye neno “Tunakukaribisheni”. Lina herufi 17. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, ukiacha 16 kila upande, nafasi inayobaki ni 328. Kwa herufi za ukubwa wa 40, neno hilo linahitaji takriban 320 hadi 355, kutegemea fonti. Kwa fonti moja linaenea kwa kubana. Kwa nyingine linatoka nje ya ukingo na ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto na kulia. Kiswahili kina maneno marefu, na violezo vingi vya kununua vilipimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Dawa ni kuacha ukubwa ubadilike na skrini, kwa mfano `font-size: clamp(1.75rem, 8vw, 2.5rem)` (kiwango cha chini, kinachofuata upana wa skrini, na cha juu), badala ya kung’ang’ania 40 kwa kila simu.

Au chukua picha kubwa ya juu iliyopewa urefu wa `100vh`, yaani urefu wote wa skrini, na kitufe cha “Weka oda” kikakaa chini kabisa. Kwenye kompyuta kinaonekana. Kwenye simu, kipimo hicho huhesabiwa kana kwamba upau wa anwani umejificha. Ukurasa ukifunguka na upau bado upo, kitufe kinazama chini ya ukingo. Andika `100vh`, kisha mstari unaofuata `100svh`, yaani urefu wa skrini upau ukiwa bado upo. Vivinjari vikuu vinakielewa kipimo hiki cha pili tangu 2022, na vya zamani vitaishia kwenye cha kwanza.

Mifano hii miwili ni hitilafu, na mtengenezaji azirekebishe bila kudai hata shilingi. Lakini herufi kuonekana nene kidogo kwenye Mac kuliko kwenye Windows, au kichwa kuvunjika mistari miwili badala ya mmoja, si hitilafu. Swali la kuuliza ni hili: msomaji anasoma, anabonyeza na analipa bila kukwama? Kama ndiyo, kazi iko sawa, hata kama haifanani na mchoro wa awali wa Figma, programu ya kusanifu kurasa.

Hili liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya awali. Taja vivinjari: Chrome, Safari, Firefox, Edge na Samsung Internet, toleo la sasa na lililotangulia. Taja upana utakaopimwa: 360, 390, 768, 1366 na 1920. Opera Mini, kivinjari chepesi cha simu, ipewe mstari wake. Watu wengi huitumia kuokoa bando, na ikiwa katika hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa huandaliwa kwanza kwenye seva za Opera: fonti maalumu hazionekani, miondoko haichezi, na JavaScript, msimbo unaoendesha vitendo vya ukurasa, hufanya kazi kwa mipaka. Ahidi maandishi kusomeka, namba ya simu kubonyezeka na fomu kutumwa. Usiahidi urembo.

“Nimejaribu Chrome kwenye iPhone, kwa hiyo Chrome iko sawa”

Kwa kawaida, Chrome ya iPhone inatumia WebKit ileile ya Safari. Ulichopima ni Safari yenye jina jingine. Pima Chrome kwenye Android.

“Nimepunguza dirisha la kompyuta, simu imeshapimwa”

Umepima upana tu. Kupunguza dirisha hakuonyeshi kibodi inavyofunika nusu ya fomu, wala Safari ya iPhone inavyokuza ukurasa ghafla mtu anapogusa kisanduku chenye herufi chini ya pikseli 16. Tafuta simu mbili halisi, Android ya bei ya chini na iPhone, uzishike mkononi.

“Hujabadilisha chochote, bado naona ya zamani”

Mara nyingi kivinjari kinaonyesha nakala kiliyoihifadhi. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza Ctrl+Shift+R. Kwenye simu fungua dirisha la faragha. Lakini wageni wa tovuti hawatafanya hivyo, kwa hiyo mtengenezaji abadilishe namba ya faili kila anapohariri: `style.css?v=12`, kisha `v=13`. Anayesahau hili asimlaumu mteja.

“Basi geuza ukurasa wote uwe picha, utafanana”

Tafadhali, hapana. Maandishi ndani ya picha hayanakiliki kirahisi, kwenye simu yanasinyaa hadi hayasomeki, na asiyeona anayesomewa na simu yake huenda asisikie kitu.

Mteja anapolalamika, omba vitu vinne kabla ya kugusa msimbo: picha ya skrini nzima, aina ya simu, toleo la mfumo wake, na jina la kivinjari. Kama kiungo kilifunguliwa ndani ya Facebook au Instagram, aseme pia, kwa sababu huko ukurasa hufunguka katika kivinjari cha ndani ya programu hiyo.