Baridi haiyapaki majani rangi

Kazi yangu ni kupeleka wageni kaskazini-mashariki mwa Marekani kuona majani ya miti yakigeuka rangi kabla ya kupukutika. Juzi simu nyingine: “Kaka, tusogeze safari mbele wiki mbili, baridi haijakolea, majani hayatakuwa mekundu.” Mama wa kikundi cha kanisa, watu kumi na mmoja, hoteli imeshalipiwa. Mwaka huu yeye ni wa nne.

Jamani. Kinachouambia mti ufunge duka ni urefu wa usiku. Usiku ukirefuka, klorofili, ile inayolipa jani ukijani, inavunjwa na haitengenezwi nyingine, ndipo manjano iliyokuwa imejificha humo tangu kiangazi inajitokeza. Nyekundu ndiyo yenye kasheshe, maana hupikwa upya, kwa sukari iliyonasa ndani ya jani na jua la mchana. Usiku wa ubaridi unasaidia, sikatai. Lakini jalidi, yaani umande ulioganda, inaua jani, na jani lililokufa halipiki kitu.

Huniamini? Okota jani la mepo, ule mti wanaougema utomvu wa kutengenezea shira, lililokuwa limefunikwa nusu na jani jingine. Palipopigwa jua ni pekundu, palipokuwa kivulini ni pa manjano, na umbo la lile jani la juu limebaki hapo kama muhuri. Baridi ililipata jani zima! Kwa nini mti ujisumbue kupika nyekundu wakati unajiandaa kulitupa jani, hapo wataalamu wenyewe wanabishana: wengine wanasema ni mwavuli wa jua, wengine ni onyo kwa wadudu.

Sasa njia. Rangi huanza kaskazini na juu milimani, halafu huteremka. Kwa hiyo nawaanzishia watu kaskazini mwa jimbo la Vermont mwanzoni mwa Oktoba, tunakatiza jimbo jirani la New Hampshire, tunamalizia Boston. Huko New Hampshire, barabara ya milimani ya Kancamagus, kati ya miji ya Lincoln na Conway, ni kilomita 55 hivi na haina kituo cha mafuta hata kimoja. Jaza tangi kabla. Pale juu, kama mita 870, unaweza kukuta matawi matupu huku Conway ndiyo kwanza panawaka. Wikendi ya Siku ya Columbus, sikukuu yao ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, kaeni nyumbani. Foleni yake siielezi.

Mkifika Boston msininunie kwamba miti bado kijani. Mji uko chini, karibu na bahari, na mialoni ni mizito kugeuka. Anayetaka rangi mjini aje mwishoni mwa Oktoba, atembee bustani ya miti ya Arnold Arboretum, lakini milimani atakuta vijiti. Vyote viwili kwa safari moja sijawahi kumpatia mtu.

Na hata tarehe zangu hukosea. Kuna mwaka upepo wa usiku mmoja ulifagia bonde zima; asubuhi wageni wangu wakapiga picha za lami.

Mama nimemwambia tarehe ibaki ileile. Akauliza, basi kama hakuna baridi, makoti wayaache?

Beba makoti, mama.