Taharuki Haiji Baada ya Tukio

Kwa muda sasa nimekuwa nikisikia watu wakisifu filamu fulani ya katuni za kutisha kwamba ina taharuki kali, na nikiuliza kwa nini, jibu huwa ni lile lile: waliruka vitini mara tatu au nne. Kilichowapata hao ni mshtuko. Taharuki, kama inavyofundishwa katika fasihi, ni hali ya kukaa roho juu kwa kungojea jambo ambalo dalili zake zimeshaonekana ilhali lenyewe bado halijafika. Na katika hadithi ya kutisha, anayengoja anajua kwamba linalokuja si la heri.

Asili ya neno hilo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa h-r-k unaohusu mwendo, na ndugu zake tunao vinywani kila siku: haraka na harakati. Kwa Waarabu, taharraka ni kusogea, kutikisika, kuacha kutulia. Kiswahili kilipolipokea neno kiliuhamishia mwendo huo ndani ya mtu, hata kutaharuki kukawa ni kwenda mbio kwa moyo wakati mwili wenyewe umekaa kitako kimya. Hapo ndipo vichwa vya habari vinaponisumbua, kwa kutangaza kwamba taharuki imetanda baada ya moto au ajali, mpaka wasomaji wakazoea kudhani kwamba taharuki ni lile zogo linalofuata tukio. Sina ugomvi na matumizi hayo katika habari, maana watu waliokumbwa na moto kweli hawatulii. Lakini tunapozungumzia ufundi wa kusimulia, tukichanganya kabla na baada tunakuwa tumepoteza dhana nzima. Na liko jambo moja linalonifurahisha kila ninapolikumbuka: katuni kwa Kiarabu huitwa rusum mutaharrika, yaani michoro inayokwenda, kwa mzizi huo huo. Kwa Kiarabu, basi, jina la katuni na neno taharuki zimezaliwa tumbo moja.

Udugu huo unaonekana hata katika kazi yenyewe. Mbele ya kamera ya kawaida, glasi inaweza kuonekana mezani kwa kuwa tu mtu aliisahau pale. Katika katuni hakuna glasi mpaka mtu akae aichore, tena aichore upya kila inaposogea, kwa hiyo kitu kidogo kikionyeshwa kimekusudiwa.

Chukua Pinocchio ya Disney, filamu ya mwaka 1940. Pinocchio na rafiki yake Lampwick wanacheza biliadi, wanakunywa bia na kuvuta sigara, katika kisiwa ambako watoto watukutu hugeuzwa punda. Lampwick anamdharau nyenje aliyekuja kuwaonya, na katikati ya maneno yake masikio ya punda yanamchomoza kichwani. Mwenyewe hana habari. Pinocchio anayaona, anaitazama bia yake, kisha anaisukuma kando. Unafuata mkia, na Pinocchio anaitupa sigara. Hakuna aliyepiga kelele wala hakuna kilichoruka kutoka gizani, na bado mtazamaji ameshabanwa kifua, kwa sababu mkono ulioisukuma ile bia umemwarifu kwamba machale yamemcheza mtoto, na kwamba la mwenzake linaweza kuwa lake. Masikio peke yake yangeweza kuchekesha, kwani katuni zimejaa viumbe walioota hiki na kile. Yanatisha kwa sababu ya uso wa yule anayeyatazama. Lampwick anapouliza kama yeye anafanana na punda, Pinocchio anacheka, na kicheko kinamtoka kwa mlio wa punda, akajiziba mdomo. Hatimaye Lampwick anajiona kwenye kioo, anapiga ukelele, na anapoangukia miguu minne huku akimlilia mama yake tunaonyeshwa kivuli tu ukutani. Taharuki imeishia hapo. Kilichobaki ni kitisho chenyewe, nacho kinauma kwa sababu tulikuwa tunakingoja.

Coraline ya Henry Selick, ya mwaka 2009, iliyotengenezwa kwa vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, inapita njia nyingine. Msichana Coraline anapita mlango wa siri na kuingia katika dunia nyingine, anakomkuta mama anayefanana na wa kwake, ila huyu wa upande wa pili ana vifungo vya nguo mahali pa macho. Mtu tumezoea kumsoma machoni, tukajua anatazama wapi na ana nia gani, kifungo hakisomeki. Anapomwekea msichana mezani kisanduku chenye vifungo viwili, sindano na uzi, ili naye ashonwe vifungo machoni, hatuna pa kuitafuta hatari isipokuwa usoni mwa msichana mwenyewe, naye anasema kwamba amechoka na anataka kwenda kulala sasa hivi. Hofu iliyojificha ndani ya adabu namna hiyo humkaa mtazamaji kuliko mayowe.

Basi naomba kwa heshima: aliyeruka kitini aseme alishtuka, kwani hilo halimpunguzii kitu yeye wala filamu aliyoipenda. Neno taharuki tumwachie yule aliyekwisha kuyaona masikio, akawa anangoja mwenye kichwa ayapapase.