Boeing baada ya ajali za MAX: tunayoyasema na yaliyotokea

Shangazi yangu ana harusi Mombasa na ameapa hapandi ndege. "Ile ya Addis ilikuwa inakuja hapa," ananiambia, kana kwamba nimesahau. Sijasahau. ET302, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX, ilitakiwa kutua JKIA, Nairobi, asubuhi ya tarehe 10 Machi 2019. Ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita tu baada ya kuruka, watu 157 wakafa, 32 kati yao Wakenya. Hofu yake naielewa. Ila hoja anazotoa yeye, na zile za wajomba wanaomtuliza, nyingi hazisimami.

"Kosa ni la marubani, ndege haikuwa na shida."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Miezi isiyotimia mitano kabla ya hapo, MAX ya Lion Air ilikuwa imetumbukia Bahari ya Java na watu 189. Katika ajali zote mbili MCAS, programu inayosukuma pua ya ndege chini, ilitegemea kihisi kimoja tu, na kihisi hicho kilikuwa kikitoa vipimo vya uongo. Marubani wa Lion Air hata hawakuwa wameelezwa kwamba MCAS ipo. Wale wa Ethiopia walikuwa na maagizo, wakazima swichi walivyoelekezwa, lakini kasi ilikuwa kubwa mno hata gurudumu la mkono la kuinua pua likagoma kuzunguka. Ni kweli injini zilibaki kwenye nguvu ya kurukia, na wachunguzi wa Marekani wamelisema hilo. Lakini uamuzi wa kuukabidhi mtambo kama huo kwa kihisi kimoja haukufanywa Addis.

"Boeing zote ni zile zile."

Hapana. 737-800, zinazorushwa na Kenya Airways, ni za kizazi cha kabla ya MAX na hazina MCAS. Shangazi, hiyo ya Mombasa panda tu.

"Mkubwa alifukuzwa, kampuni imejirekebisha."

Dennis Muilenburg, mkurugenzi mkuu wa Boeing, aliondolewa Desemba 2019. Akaja David Calhoun, zikaja na ahadi: usalama kwanza, tumejifunza. Kisha tarehe 5 Januari 2024, juu ya Oregon, kipande kinachoziba nafasi ya mlango usiotumika kikang'oka kwenye MAX 9 ya Alaska Airlines, ndege iliyokuwa na miezi michache tu. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta bolti nne za kukishikilia hazikuwapo kabisa. Kipande hicho kilikuwa kimefunguliwa kwenye kiwanda cha Boeing cha Renton ili ribiti zirekebishwe, na hakuna aliyeandika popote kwamba kimefunguliwa. Kwa kuwa hakikuandikwa, hakuna aliyekwenda kukikagua kilipofungwa.

Fundi wangu wa magari pale Grogan, Nairobi, ana kaunta buku yenye mafuta kila ukurasa. Akilegeza nati za gurudumu, anaandika, hata kama ni dakika tano. Siku moja nilimkuta akibishana na mwenye gereji aliyetaka gari litoke kabla ya saa kumi na moja. "Bado," akasema, na lile gari likalala pale.

Swali langu kuhusu Boeing ni hilo tu: anayesema "bado" anafanywa nini? Kamati ya wataalamu iliyoundwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa ripoti Februari 2024. Ilikuta viongozi wa juu na wafanyakazi wa chini hawauoni utamaduni wa usalama kwa jicho moja, na wapo waliohofia kulipiziwa kisasi wakiripoti. Yaani miaka mitano baada ya Bishoftu. Agosti mwaka huo akaingia mkurugenzi mwingine, Kelly Ortberg.

"Walilipa, kwa hiyo wameadhibiwa."

Mapatano ya Boeing na Wizara ya Sheria ya Marekani, Januari 2021, yalikuwa ya dola bilioni 2.5. Humo, bilioni 1.77 zilikuwa za mashirika ya ndege yaliyonunua MAX. Familia za marehemu zilitengewa milioni 500, na faini yenyewe ilikuwa milioni 243.6. Piga hesabu mwenyewe.

"Serikali ya Marekani hukagua kila kitu."

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya kuidhinisha ndege imefanywa na wafanyakazi wa Boeing wenyewe kwa niaba ya FAA. Baada ya ajali, FAA ilijirudishia kazi ya kutoa cheti cha mwisho kwa kila MAX, na baada ya tukio la Alaska ikaweka kikomo cha kutengeneza MAX 38 kwa mwezi. Septemba 2025 ikalegeza kidogo: cheti kitolewe na Boeing wiki moja, na FAA wiki inayofuata. Oktoba kikomo kikapanda hadi 42.

Nilimweleza shangazi hayo nikidhani namtuliza. Akavua miwani.

"Sasa mimi nitajuaje hiyo yangu ilitoka wiki ya nani?"

Tikiti ya treni ya SGR alikuwa ameshailipia kwa M-Pesa.