Kwanini napima jointi za bomba kwa sauti hata kama eksirei imeshasema safi

Watu wakiniona nimeinama kwenye bomba na kopo la jeli na mashine inaning'inia shingoni huwa wanauliza kama ni ile ya kupimia wajawazito. Ndiyo, kanuni ni ileile, unatuma sauti ambayo sikio halisikii halafu unasubiri irudi. Ila mimi natafuta sehemu ambayo chuma cha rodi ya kuchomelea hakijashikana na chuma cha bomba, na hilo ndo nataka niliongelee leo maana kila saiti nakutana na mtu anayeamini eksirei inaona kila kitu.

Kwanza fikiria wingi wa hizi jointi. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga ni kilomita 1,443, ukipiga hesabu kwa vipande vya mita 18 unapata jointi kama elfu 80, na kila moja lazima ichomelewe, huenda jua likiwa kali au upepo unapeperusha ile gesi inayokinga chuma kinachoyeyuka.

Sasa ncha ya bomba kabla ya kuchomelewa inakatwa mshazari, mara nyingi digrii 30 kila upande, ili zikikutana zifanye V. Fundi anapiga ruti kule chini kabisa halafu anajaza tabaka juu ya tabaka. Moto ukiwa mdogo au mkono ukikimbia, chuma kinajaa vizuri tu ila hakiyeyuki pamoja na ukuta wa ule mshazari, kinaegemea. Juu inang'aa, ukipitisha mkono hauhisi kitu, lakini ndani kuna mstari mwembamba kama karatasi. Eksirei inaona vizuri vitu vyenye unene, vitundu vya gesi, slagi (taka za kuchomelea) iliyobaki ndani, kwa sababu pale chuma kimepungua na filamu inakuwa nyeusi zaidi. Ule mstari wa mshazari hauna unene wa maana na mionzi inaupita kwa pembeni, kwahiyo mara nyingi filamu inatoka safi na inspekta anasaini.

Sauti yenyewe inataka uso wa kugonga. Ukuta ukiwa na mshazari wa digrii 30, probu (kile kifaa ninachoburuta juu ya bomba kutuma na kupokea sauti) ya digrii 60, yaani sauti inalala digrii 60 kutoka wima, inaugonga uso kwa uso, ila sio moja kwa moja, lazima sauti ishuke mpaka chini ya bomba, idunde, halafu ikiwa inapanda ndo ikutane na ule ukuta. Hapo mwangwi unarudi mkubwa kwelikweli. Ukichukua probu ya pembe nyingine kwa sababu ndo ilikuwa kwenye begi, sauti inagonga ukuta kiubavu inaelekea kwingine na skrini inabaki tupu, na skrini tupu inafanana kabisa na jointi nzima. Hili ndo linaniogopesha kuliko kitu chochote kwenye hii kazi.

Nilikuwa na jointi moja ya bomba la unene wa milimita 12, filamu ilishapita. Napitisha probu, mwangwi unasimama kwenye milimita 30 za safari ya sauti. Fundi aliyeichomelea ni mtu mzima, kanitangulia miaka mingi sana kwenye fani, akaniambia kijana wangu hiyo ni ruti tu, kila jointi inayo. Na alikuwa na haki ya kusema hivo, ruti kweli inarudisha mwangwi na imewachanganya wengi. Nikamwambia mzee wangu njoo tupige hesabu. Unene 12 kwa probu ya 60, sauti inafika chini baada ya kutembea milimita 24, kwahiyo ruti ingesimama kwenye 24, 25, 26 hivi. Huu umesimama 30, maana yake imeshadunda na inapanda, iko milimita 9 kutoka juu, yaani 3 kutoka chini. Tukashika rula, kutoka kwenye alama ya probu (pale sauti inapotokea) kwenda mbele ni milimita 26, na kati ya jointi iko kwenye 28. Milimita 2 kabla ya kati, 3 kutoka chini, ni palepale ukuta wa mshazari unapopita.

Nikazungusha probu kidogo, mwangwi ukafa mara moja (kitundu cha gesi kisingekufa hivo, chenyewe ni duara unakiona popote uliposimama). Nikahamia upande wa pili wa jointi, hafifu sana. Nikaufuata kuzunguka bomba, ukaendelea kwa milimita 40.

Ila kabla sijamwambia mtu akate jointi yake nilirudi kwenye kipande cha kalibresheni, kile chuma kidogo cha kuhakikishia mashine inapima sawa, chenye tao la milimita 25 na la 50, nikakagua upya kila kitu. Bomba likikaa juani ile plastiki ya chini ya probu inapata moto, sauti inapungua kasi ndani yake na pembe inapanda digrii moja mbili, na hapo hesabu zote nilizomwonyesha mzee zingekuwa za uongo. Ndo maana nakalibreti asubuhi, katikati ya kazi, na kabla ya kufunga, hata supavaiza akininunia kuwa nachelewesha.

Kalibresheni ilikuwa sawa. Mzee akachukua grenda mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aguse, akasaga taratibu huku anasimama kila baada ya muda kufuta vumbi kwa kitambaa. Kwenye milimita 7 hakuna kitu, 8 hakuna kitu. Karibu na 9 akazima grenda, akainama, akaniita nije nione, mstari mweusi mwembamba kama unywele umelala kando ya ukuta. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza zile jointi nyingine alizopiga siku ile nimeshazipima ngapi.